Tunapanga, Mama

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kabla jua la Sumbawanga halijapata nguvu ya kumpasha mtu hata sikio, Atusaye aliwauliza wanawake swali moja lililowatisha kuliko sindano. Alikuwa nesi mnasihi kwenye zahanati moja ya Chanji, chumba cha uzazi wa mpango, na swali lenyewe lilikuwa hili: "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Wengi waligeuka nyuma kutazama anaulizwa nani. Mama mmoja wa watoto saba aliomba ruhusa akamuulize mumewe kwamba yeye, mke, anataka nini. Mwingine alisema anataka kukaa tu kidogo, akakaa pale kitini dakika ishirini bila kutia neno, kisha akaaga akisema sasa anajisikia nafuu.

Atusaye mwenyewe hakuwa na mtoto. Alikuja kutoka Tukuyu na barua ya ajira na masweta matatu, akaolewa na Flavian, Mfipa wa Milepa, kijana mtanashati aliyeshughulikia makaratasi ya malori mpakani Kasesya na kurudi nyumbani kila Ijumaa akinuka dizeli na maneno matamu. Miaka minne ya ndoa ikapita bila hata kichefuchefu cha kusingizia. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa akitaka, basi. Na Flavian, tangu uchumba, alikuwa ameshatangaza kwamba hata yeye hana haraka, maana watoto hulia wikiendi, na wikiendi ndiyo siku zake za kulala.

Mtaa haukukubali maelezo mepesi namna hiyo. Ulimpa ugonjwa, na majirani wakarimu wakampa mawili. Katika mji ambao watu husema hata jina lake ni amri ya kutupa uchawi, mwanamke asiye na mtoto hakosi wa kumtafutia aliyemfunga. Na kwa kuwa kila mwanamke sharti awe mama wa kitu fulani, wakamwita Mama Vidonge.

Huko Milepa, kijijini bondeni chini ya mji, alikuwepo mama mkwe, Mama Cornelia, aliyezaa tisa akakuza tisa, mwanamke aliyelima kila kinachoota na kukipigia kelele kisichoota. Kila mwezi alimpigia simu Flavian na kuuliza kama kuna habari. Flavian naye alimjibu kwa sauti ya mtu aliyewahi kula posho ya semina: "Tunapanga, mama."

Sasa hapo ndipo mambo yalipopinda. Kwa mtu wa zahanati, kupanga ni kupanga uzazi. Kwa mzazi wa kijijini mwenye mtoto mjini, kupanga ni kupanga nyumba: chumba na sebule, choo cha wote, na mwenye nyumba anayehesabu mara ulizopiga pasi. Mama Cornelia alimwelewa mwanawe vizuri sana, tena akamwona ana akili. Nani azalie kwenye nyumba ya watu, mtoto akilia uambiwe uhame? Akanyamaza, akaingia kazini. Akafyatua matofali, akachoma tanuru la kwanza, akachoma la pili, akauza fahali wake, akampata fundi Sebastiani. Kila lori lilipopanda mlima na matofali, Atusaye alisema kwamba mioyoni mwa akina mama kuna mambo, na Flavian akapiga simu kushukuru.

"Asante, mama. Bado tunapanga."

Nyumba ikaisha, palepale Chanji, vyumba vitatu na bati jekundu. Chumba kimoja Mama Cornelia alikipaka rangi kwa mkono wake, njano ya kiini cha yai. Wakahamia. Akahesabu miezi tisa tangu siku ya kuhamia, akaongeza mmoja wa heshima, kisha akapanda gari la asubuhi.

Hakuja peke yake. Alikuja na Modesta, mwanamke mnene wa jumuiya yake ya kanisani aliyekuwa na kazi ya kuwafunda mabibi harusi, na ambaye wasichana aliowafunda walisifika kwa kutokuuliza kitu. Jumamosi mchana wakaketi sebuleni mbele ya ugali na kuku. Flavian akajitwalia paja, akatulia nalo kama mtu aliyealikwa kwenye kesi ya jirani.

Modesta alishika usukani. Alinasihi saa nzima. Kwamba mtoto ni baraka. Kwamba tumbo ni shamba, na shamba lisilolimwa huota magugu. Kwamba vidonge huozesha kizazi, na kuna mtoto alizaliwa ameshika mkononi kitanzi cha kuzuia mimba cha mama yake. Atusaye alimfahamu mtoto huyo. Kwa hesabu za chumba chake alikwishazaliwa katika kila kata ya manispaa. Lakini alivaa uso wake wa kazini, akainamisha kichwa, akawa anaitikia mmh, mmh, mpaka Modesta alipofika kwenye hukumu: kama hadi mavuno hakuna dalili, bibi harusi atarudishwa Tukuyu kwa wazazi wake akafundwe upya.

Hapo Atusaye akainua kichwa. Kurudishwa kwao, kama gari lililogoma baada ya kutoka gereji. Alimtazama mumewe. Flavian alikuwa anachokonoa mfupa.

"Mimi sina ugomvi na wewe, mwanangu," Mama Cornelia alisema. "Mlisema mnapanga, nikasubiri. Nikaona nisikae bure, nikawajengea. Sasa nyumba ni yenu. Mnapanga nini tena?"

Neno hilo lilimwingia Atusaye polepole, kama maji kwenye kiatu.

"Flavian. Mama anasema kupanga nyumba."

Flavian akatafuna.

"Ulijua?"

"Nilikuja kujua kwenye tanuru la pili," alisema. "Sasa ningemkatisha mama njiani?"

Atusaye aliweka tonge chini. Akamwambia mama mkwe, taratibu kama anavyowaambia wa kwenye benchi la zahanati, kwamba walikuwa wanapanga uzazi, wote wawili, na wa kwanza kulisema hilo alikuwa huyu mwenye paja. Modesta alifanya ishara ya msalaba. Mama Cornelia alikuwa anatazama kuta, tofali moja baada ya jingine, na Atusaye, kwa mazoea ya kazi, akajikuta ameuliza:

"Na wewe, mama? Wewe mwenyewe ulitaka wangapi?"

Mama Cornelia akageuka nyuma. Nyuma kulikuwa na ukuta.

"Wawili," akasema mwishowe. "Nilitaka wawili."

Flavian, ambaye alikuwa wa sita kuzaliwa, akaacha kutafuna.

"Mimi nilitaka kuwa mtawa," akasema Modesta, ingawa hakuna aliyemuuliza, kisha akaomba maji ya kunywa.

"Basi mnisikilize, mama zangu," Atusaye alisema. "Mtoto sijamtaka bado. Siku nikimtaka mtajua, na nisipomtaka mtajua vilevile. Ila Tukuyu sirudi. Kule nilishafundwa, wakamaliza."

Mama Cornelia akamgeukia mwanawe.

"Kumbe matanuru mawili nimeuchomea usingizi wako."

Akainuka, akachukua begi lake, akafungua chumba cha njano, akaliweka kitandani. Chumba cha mtoto, alisema, hakiwezi kukaa bure. Modesta alirudi Milepa peke yake, na habari za kufundwa upya hazikusikika tena.

Tangu hapo wikiendi za Flavian zilianza saa kumi na moja alfajiri. Mtoto wa chumba cha njano alitaka maji ya moto ya kuoga, kisha uji wa ulezi, mwepesi, usio na madonge. Uji ukiwa na madonge ulirudi jikoni. Flavian akichelewa kuitikia aligongewa ukuta, na ule ukuta, kwa kuwa matofali yalikuwa mazuri, ulisikika vizuri sana.

Jumamosi ya nne Flavian alipeleka uji, akapiga goti, akaamkia, akaitikiwa. Kisha akauliza kwa upole kama mama ameshafikiria siku ya kurudi Milepa, maana mashamba nayo hayajiangalii.

Mama Cornelia alionja uji, akausikilizia mdomoni.

"Napanga, mwanangu," akasema.