Ubani wa Kaisari

Kila nikisikia harufu ya ubani, namkumbuka dada yangu darasani, katika shule ya misioni kule Baraka. Mwalimu alitusimulia jinsi Wakristo wa Roma walivyoamriwa kumfukizia Kaisari ubani, wakakataa, wakauawa.

"Bale bantu balikuwa na roho ya nguvu," alisema. Kisha akamgeukia dada, kwa kuwa kwetu tulikuwa Waislamu. "Na we, utabatizwa Pasaka, ao utaacha masomo?"

Dada akasimama. "Mwalimu, bale balikataa, unabasifu. Na mi nikikataa?"

Fimbo ilimshukia mgongoni mpaka gauni likapasuka. Alinishika mkono, tukatoka.

Kabla ya mvua aliozwa kule Ubwari. Alikufa akijifungua.

Baada ya matanga, baba alinirudisha misioni mwenyewe. "Huyu," alimwambia mwalimu, "mumubatize."