Ruhusa ya Kutoka

Kwenye arobaini ya babu yake, wajomba wanamsihi Mwanvua: “Tufanyie ile ya mufungwa!” Mzee aliwahi kukaa mwaka mzima mikononi mwa maadui, mateka wa vita, na tangu arudi kwao Musonoi hakuvuka mlango bila kuomba. Mwenye nyumba huyo alikuwa akisimama wima kizingitini, viganja vimebana mapaja, na kumwambia yeyote aliyekaa karibu, hata muuza mkaa, kana kwamba ndiye mkuu wa walinzi: “Chefu, naomba kutoka.” Mwanvua naye alikuwa akikunja uso kama jenerali aliyenyimwa bia: “Mufungwa, enda! Dakika mbili!” Watu walicheka hadi chai ikawatoka puani, na mzee akatabasamu kwa adabu.

Wajomba hawajui habari ya ile Jumapili Mwanvua alipobaki na mzee wawili tu, naye amezama kwenye simu. “Ngoja kwanza, mufungwa,” alimjibu, kisha akasahau. Alipoinua macho, mzee alikuwa palepale, wima, suruali imelowa hadi viatuni. “Kambo!” alimwita babu yake. “Juu ya nini haukuenda?” Mzee alitazama sakafu. “Unisamehe, chefu. Nitapangusa mi mwenyewe.” Halafu akangoja, bado wima, apewe ruhusa ya kuinama.