Kijana wa Kahawa ya Boga

Marlys Zehr alikuwa mwanamke wa maneno mengi aliyeolewa na mwanamume wa maneno machache. Huku kwetu katikati ya Illinois, ambako mashamba ya maboga yanaanzia nyuma ya nyumba za watu na kuishia pale macho yanapochoka, watu walisema ndiyo maana ndoa yao ilidumu: mmoja anasema, mwingine anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa jirani yao kwa miaka mingi, jiko langu likitazamana na baraza lao la vioo, na hata mimi niliamini hivyo.

Mumewe, Delbert, alilima maboga ya kiwandani. Si yale ya kuchongwa macho na meno yakawekwa mlangoni. Ya kwake yalikuwa marefu, ya rangi ya ngozi ya ng'ombe, hayana sura, na malori yalikuja kuyabeba yakapikwe na kutiwa makoponi. Marlys alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Alipostaafu alijipa anasa moja tu. Kila mwaka majani yakianza kupukutika, alasiri aliwasha gari akaenda kwenye duka la kahawa pale njia panda, akanunua espreso, ile kahawa nzito, yenye maziwa, shira ya boga na barafu tele. Mimi nilifanya kazi pale, nami ndiye niliyemhudumia kwenye dirisha la kuuzia walio ndani ya magari. Hata kama asubuhi ile nyasi ziliamka nyeupe kwa baridi, yeye alitaka barafu.

"Vonda mwanangu, ya moto inanirudisha jikoni kwa watoto wa shule," aliniambia. "Nimepulizwa na mvuke maisha yangu yote. Nipe baridi."

Delbert alimtania. "Boga nalilima mimi, nalipakia mimi, nalinusa mpaka usingizini. Halafu wewe unaenda kulinunua kwenye gilasi!"

"Nyamaza na shamba lako," Marlys alimjibu. "Siku utakayonitengenezea wewe, nitaacha kwenda."

Akili yake ilianza kumponyoka kidogo kidogo. Kwanza alitia chumvi badala ya sukari kwenye andazi la tufaha, tukacheka naye. Kisha akaanza kumwita binti yake Janine kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani, hapo hatukucheka. Halafu mwaka mmoja, mavuno yakiwa yamepamba moto na vumbi la mahindi limetanda kila mahali, alitoka kwenda kununua kahawa yake asirudi. Polisi walimkuta jua likizama, wilaya ya jirani, gari limezama katikati ya shamba la mahindi makavu. Alikuwa amekaa wima, mkanda kifuani, kioo ameshusha.

"Leo wamechelewa kweli kunihudumia," alimwambia askari.

Delbert alificha funguo za gari. Mwaka huohuo duka la kahawa lilifungwa, jengo likageuzwa kuwa duka la matairi, nami nikabaki nyumbani. Lakini mwili wa Marlys haukujua kama duka limefungwa. Alasiri ikifika alivaa koti, akachukua mkoba, akasimama mlangoni akitikisa kitasa na kulia kama mtoto aliyeachwa shuleni. Delbert alimpelekea chai, akaimwaga. Akampelekea maziwa, akampa mgongo.

Ndipo alipokuja kwangu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, asiingie.

"Vonda, kile kinywaji kinatengenezwaje?"

"Kipi, mzee?"

"Usinilazimishe nikitaje."

Ningecheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Nikachukua kile chombo changu kidogo cha kupikia espreso jikoni, tukavuka barabara pamoja.

Delbert hakutaka boga la kopo. Alileta la shambani kwake, akalipasua kwa shoka juu ya gogo, tukalichoma kwenye oveni mpaka likalainika. Nikamwambia nyama yake aichuje kwa kitambaa. Akaniambia boga ni boga. Basi shira ya kwanza ikawa na nyuzi, zikaziba mrija. Ya pili akaijaza karafuu, jiko likanuka kama kwa daktari wa meno. Kisha akaimwaga kahawa ya moto moja kwa moja juu ya barafu, barafu yote ikayeyuka.

Alionja, akakunja uso. "Haya si maji ya kuoshea viatu?"

"Ndiyo yenyewe. Mwaga yote, tuanze upya. Na mara hii unisikilize."

Mara hiyo alinisikiliza. Alichuja boga mara mbili, akalichemsha na sukari ya kahawia, mdalasini, tangawizi, kungumanga ya kukuna na karafuu chache. Kahawa akaipika nzito, akaikorogea shira ingali ya moto, akaiacha ipoe. Ndipo akatia barafu na maziwa. Krimu akaitia kwenye chupa ya jemu na kijiko cha shira, akaitikisa kwa ile mikono yake mipana mpaka ikafura, akaimimina juu taratibu. Akarudi nyuma hatua moja na kuitazama ile gilasi.

Kati ya jiko lao na baraza la vioo kuna dirisha dogo la kusukuma. Marlys alikuwa barazani na koti lake, analia. Delbert alisukuma kioo, akaipitisha gilasi. Sidhani alikuwa amepanga chochote. Ndiyo tu njia iliyokuwa fupi.

Marlys akanyamaza. Akaitazama gilasi, akamtazama aliyeishika. Uso wake ukatulia na kuwa uso wa mteja.

"Asante, kijana," alisema. "Wewe mgeni hapa?"

Delbert alikuwa na miaka sabini na kitu. Alinigeukia mimi, kisha akamgeukia tena mkewe.

"Ndiyo, mama," alijibu. "Nimeanza leo."

"Umeweka krimu nyingi. Mwenye duka atakufukuza."

"Hayupo."

"Basi ongeza!" Akacheka, na kile kicheko kilikuwa chake kabisa, cha Marlys wa zamani.

Tangu siku ile kila alasiri ilikuwa hivyo. Delbert alitoka shambani mapema, akanawa mpaka viwikoni, akavaa aproni, akasimama dirishani. Marlys alikuja na mkoba wake, akaagiza, akavuta kiti, akapiga soga. Ndani ya nyumba hakumjua tena mumewe. Usiku alimwita "yule mzee" na hakutaka amguse. Lakini yule kijana wa kahawa alimpenda. Alimtania kwamba ana masikio makubwa. Alimuuliza kama ana mchumba.

"Ninaye," Delbert alisema.

"Unaongea naye?"

"Si sana."

"Mjinga wewe. Ongea naye."

Mimi nilikuwa nakwenda kuwasaidia vyombo, hivyo nilikuwepo siku aliyozungumza habari za mumewe. Nje mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha juu ya mashamba yaliyovunwa nusu. Marlys alikuwa amekunywa nusu, akikoroga barafu kwa mrija.

"Mume wangu anaitwa Delbert," alisema. "Humjui. Yuko shambani. Siku zote yuko shambani."

Delbert alikuwa akifuta meza. Kitambaa kikasimama.

"Ni mtu mbaya?" aliuliza.

"Hapana. Hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Ila tulikuwa na mtoto kabla ya Janine. Wa kiume, Loren. Alikaa siku mbili tu, akafa. Ilikuwa majira kama haya, maboga yamekomaa. Tulimzika asubuhi. Mchana Delbert akavaa buti, akaenda kuvuna. Mimi nimelala peke yangu, maziwa yananitoka, nasikia trekta. Mpaka giza nasikia trekta."

Nilifunga bomba la maji. Katika miaka yangu yote kwenye barabara ile sikuwahi kusikia jina la Loren.

Delbert alikunja kile kitambaa mara mbili. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Labda aliogopa, mama. Labda hakujua aseme nini."

"Labda," Marlys alisema. "Nami niliogopa. Lakini watu wawili wakiogopa si wanashikana mikono? Yeye akashika usukani." Akafyonza kilichobaki, mrija ukalia chini ya gilasi. "Hii ya leo umepatia, kijana. Kesho usibadilishe."

Jioni ile Delbert hakula. Siku iliyofuata alisimama dirishani bila aproni. Alikuwa amevaa shati la kanisani na kunyoa ndevu. Nilijua anataka kufanya nini, nikamwambia, "Mzee, acha. Utamtisha."

"Nimeacha miaka hamsini," alisema.

Marlys alipokuja, Delbert hakupitisha gilasi. Alizunguka, akatokea barazani, akapiga goti mbele ya kiti chake na kumshika mikono.

"Marlys, ni mimi. Delbert. Lile la Loren, mke wangu, nisamehe. Sikuweza kukaa ndani ya ile nyumba. Nilikuwa nalia kule juu ya trekta, sikutaka unione."

Marlys alimkodolea macho. Kisha akapiga ukelele, ukelele wa mtu aliyekamatwa na mgeni njiani, akajikwapua, akarudi nyuma mpaka akagonga vioo. "Niache! Mume wangu atakuja! Kijana! Kijana, njoo unisaidie!"

Alikuwa akimwita yeye, huku anamkimbia yeye. Mimi ndiye niliyemtuliza. Delbert alikaa sakafuni na shati lake la kanisani, mikono imebaki vilevile hewani.

Siku mbili Marlys hakukaribia baraza. Ya tatu alikuja, akasimama mbali, akachungulia kama kuna usalama. Delbert alikuwa na aproni.

"Karibu, mama. Ya kawaida?"

"Ya kawaida. Jana kulikuwa na mtu hapa, kichaa."

"Ameondoka. Hatarudi."

Na kweli hakurudi. Delbert hakujaribu tena. Mara moja tu, akimkabidhi gilasi, nilimsikia akiuliza, "Mumeo akipita hapa nimwambie nini?"

Marlys alifikiri kwa bidii, uso umekunjamana. "Mwambie aache kazi mapema. Giza linaingia upesi siku hizi." Kisha akasahau kama aliulizwa, akaanza habari nyingine.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Marlys aliteleza kwenye ngazi za nyuma akavunjika nyonga. Janine akaja kwa ndege kutoka Arizona. Yeye na baba yake walibishana jikoni, mimi nikiwapo.

"Baba, huwezi tena. Jitazame, umebaki mifupa."

"Naweza kumtengenezea kahawa yake."

"Mama anahitaji wauguzi, hahitaji kahawa!"

Delbert alianza kuiosha gilasi ya mkewe. Hakuwahi kuwa hodari wa kujibu. Wakampeleka kwenye nyumba ya wazee mjini, chumba kizuri, dirisha linatazama maegesho ya magari. Delbert alikwenda kila alasiri na chupa ya ile kahawa ya barafu kwapani. Mwanzoni Marlys alikunywa kidogo. Kisha koo likaanza kusahau kazi yake, akawa anapaliwa, muuguzi akasema sasa ni vitu vizito tu, vya kulishwa kwa kijiko.

"Hata tone, dada?" Delbert aliuliza.

"Hata tone, mzee. Samahani sana."

Akatumbukiza kidole kwenye shira, akampaka mdomoni. Marlys aliulamba, akageuza uso ukutani. Haikumaanisha kitu kwake. Nilimsindikiza Delbert mpaka kwenye gari, akaimwaga ile chupa juu ya theluji. Tulisimama tukitazama lile doa la kahawia mpaka barafu yake ikaacha kung'aa.

Marlys alikufa mwezi wa tatu, mchana, wakati Delbert yuko chini akitafuta mahali pa kuegesha gari. Alizikwa upande wa mashariki wa makaburi ya kanisa, karibu na jiwe dogo lenye jina la Loren, ambalo mimi sikuwahi kuliona kwa sababu majani yalikuwa yamelifunika. Mtu alikuwa ameyakata siku hiyo.

Baada ya watu kutawanyika na Janine kulala kwa uchovu, Delbert alivuka barabara akaja kwangu. Safari hii aliingia, akaketi. Nilimuuliza kama atakunywa kitu, akakataa. Alikaa akitazama mikono yake juu ya meza yangu, nami nikaendelea kumenya viazi, kwa kuwa sikujua jambo jingine la kufanya.

"Alikuwa na nywele," alisema ghafla.

"Nani, mzee?"

"Loren. Nyingi, nyeusi, mpaka kwenye masikio. Mkunga alisema hajawahi kuona mtoto mwenye nywele kama zile. Nilimshika mara tu alipozaliwa, kabla hawajamfunga kitambaa. Marlys hajui kwamba nilimshika. Alikuwa amelala kwa dawa." "Alinishika kidole hiki. Kwa nguvu, Vonda, utadhani mtu mzima. Nilitaka kumwambia Marlys. Kila mwaka nilisema nitamwambia mavuno yakiisha."

Niliweka kisu chini. Aliongea mpaka mwanga wa dirishani ukageuka kijivu, maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema, habari za yule mtoto, za sanduku alilolipigilia misumari mwenyewe, za trekta. Alimwambia jirani, maana aliyepaswa kuambiwa tulikuwa tumemwacha kule kanisani. Alipomaliza aliitafuta kofia yake, akanishukuru kwa viazi ambavyo hakuvila, akavuka barabara. Nyumbani kwao hakukuwa na taa iliyowashwa.