Msumari Uliopotea Bandani

Fundi seremala anayeezeka banda la kobe ana vidole vigumu kama magome, na huongea kwa upande mmoja tu wa mdomo. Kila jioni, kabla ya kunawa, huchuchumaa bandani akipekua mchanga, akiokota vipande vya bati na misumari, maana kobe hawachagui cha kumeza. Jana, alipoihesabu, msumari mmoja haukuonekana. Akamnyanyua kobe mkubwa, akamtegea sikio tumboni. "Mzee, umeumeza?"

Mama mwenye nyumba akachungulia. "Fundi, na huo ulioubana mdomoni?"

Fundi akautoa, akaufuta kwenye suruali, akamtua kobe chini kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee," akasema kwa unyonge.

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.