Sinema ya Panga na Uchumba wa Dada

Dada yangu alivunja uchumba wake miaka ya hamsini, mwaka tulioonyeshwa sinema ya panga pale Iringa. Waliosikia habari hiyo kwa mbali walisema amemwacha mtu kwa sababu ya picha, wakacheka, na kwa vile ilikuwa inachekesha ikisimuliwa hivyo, haikusahaulika upesi. Mimi nilikuwepo kwenye sinema, na nilikuwepo mezani baadaye, kwa hiyo naweza kueleza ilivyokuwa.

Baba yetu alikuwa seremala wa misheni. Dada alikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni hiyohiyo, nami nilikuwa nimeanza kufundisha watoto wa darasa la kwanza. Mchumba wake alikuwa karani wa serikali Mbeya, kijana mrefu, nadhifu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sisi tuliokichanganya na Kihehe bila kujijua. Posa ilikuwa imekubaliwa, na mbuzi wa kwanza walikuwa wameshaletwa. Alikuwa mtu wa adabu. Akija kwetu hakukaa tu akingoja kupikiwa. Alikwenda karakanani akamshikia baba mbao. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wa upande wetu walimfanya mbaya, na hakuwa mbaya.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, alikuja kututembelea wakati wa likizo yake. Juma hilo lilikuja gari la sinema. Kwa kawaida gari lile lilituletea picha za kilimo cha matuta na za kuchimba vyoo, lakini safari hii lilitangazwa kuwa limeleta hadithi ya zamani ya Ulaya yenye vita. Ilionyeshwa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mji, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Tulikwenda sote: baba, mama, dada, mchumba wake, mimi, na shangazi yetu aliyeolewa Rujewa, kule Usangu, ambaye alikuwa amekuja kutibiwa jicho na hakutaka kubaki nyumbani peke yake.

Hadithi ilikuwa hivi. Bwana mmoja kijana anarudi kutoka vitani, anakuta baba yake mdogo amemnyang'anya ngome yake na amemfungia mnarani binti aliyekuwa amwoe. Anajificha msituni, anakusanya wenzake, halafu anarudi na upanga. Anaruka kutoka ukutani, ananing'inia kwenye kamba ya taa, anapigana na watu wengi huku anacheka. Mwishoni anamuua baba yake mdogo, anampakia binti kwenye farasi, wanaondoka.

Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Mtafsiri alisimama na kipaza sauti kando ya kitambaa kilichoonyeshewa picha. Kijana wa picha alipozungumza kwa kirefu, mtafsiri alisema, "Anakataa." Binti alipolia na kusema mengi, alisema, "Huyu naye ana huzuni." Walipotaka kubusiana aliweka kiganja mbele ya taa ya mashine, na ukumbi mzima ukapiga kelele za kumlaumu. Mama peke yake alisema amefanya vema.

Mimi niliipenda picha ile kupita kiasi. Nilitoka nje macho yakiniuma kwa mwanga, nikiwa nimekasirika kuona barabara ileile na ng'ombe walewale.

Nyumbani mama alitenga chai na viazi vitamu, na kila mtu akatoa lake. Baba alisema mlango wa ngome ulimwudhi. "Mlango mnene namna ile haupasuki kwa bega la mtu mmoja. Wameweka mbao za boksi wakazipaka rangi."

"Mlango si kitu," akasema shangazi. Kwake Usangu watu walijua mifugo, na alikuwa ameangalia farasi tu. "Yule mnyama amekimbizwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Nani amemwona anakunywa maji? Mwenye mali gani huyo?"

Tulicheka. Mchumba alieleza kwa upole kwamba picha hukatwa na kuunganishwa, kwamba farasi hunywa maji pembeni tusipoona. Alisema alichokipenda ni moyo wa yule kijana: amedhulumiwa, hakulia, hakwenda kulalamika kwa mtu, amekwenda kuchukua kilicho chake. "Vijana wetu wangekuwa hivyo," alisema, "nchi hii ingekuwa mbali." Baba alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilikubali pia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Dada alimenya kiazi, akauliza, "Yule mtumishi je?"

Hakuna aliyekumbuka mtumishi. Akatukumbusha. Kulikuwa na mzee wa nyumbani, aliyemlea yule kijana, ndiye aliyefungua lango kwa siri ili wenzake waingie. Askari walimchoma mkuki palepale langoni. Kijana alipofika mbio alimwona, akamruka, akaendelea.

"Alikuwa bado anapumua," alisema dada. "Mkono ulikuwa unatikisika. Hata mwisho hakuna aliyemtaja."

"Kulikuwa na vita," alisema mchumba. "Angesimama wangemuua yeye."

"Na baada ya vita?"

"Baada ya vita picha ilikwisha." Alitabasamu, nasi tukatabasamu.

Dada hakutabasamu. "Ingekuwa wewe?"

Nadhani angejibu chochote kingine, hata kwa uongo, mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini alikuwa mtu mkweli na alifikiri kidogo kabla ya kujibu. "Mimi pia ningemruka," alisema. "Mtu yule alikuwa amekwisha fanya kazi yake. Ukiwa na shabaha kubwa, huwezi kusimama kwa kila anayeanguka njiani."

"Hata kama amekulea?"

"Hata hivyo. Hasa hivyo. Yeye mwenyewe angependa niendelee."

Mama akauliza nani anataka chai zaidi. Mazungumzo yakahamia kwenye barabara ya Mbeya, jinsi basi lilivyokwama kwenye tope mwezi wa nne. Sikuona kwamba kuna kitu kimetokea. Mchumba naye hakuona, kwa sababu aliondoka Jumatatu akiwa na furaha, akamshika dada mkono kituoni.

Kwa siku kadhaa dada alikwenda kazini na kurudi. Kisha jioni moja kabla ya chakula alimwendea baba karakanani, mimi nikiwa pale nazoa maranda ya kuwashia moto.

"Baba, naomba mbuzi wale warudishwe."

Baba aliweka randa chini. "Amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna."

"Sasa nitamwambia nini baba yake? Kwamba binti yangu ameona sinema?"

"Nilimwuliza swali akanijibu," alisema dada. "Wodini kwangu watu wanakufa kila juma. Wengine ndugu zao wanakaa nao, wengine ndugu zao wana haraka. Nimewaona wa aina zote mbili. Sitaki kuolewa na mwenye haraka."

Baba alimwambia mwanamume husema mengi akiwa mezani kwa wakwe. Alimwambia kijana yule ana kazi nzuri, hapatikani kila siku mtu wa namna hiyo. Dada alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa nyuma kama mwanafunzi, kisha akasema, "Nimesikia, baba. Naomba warudishwe." Mama alilia. Shangazi, ambaye jicho lake lilikuwa limepona lakini hakuwa na hamu ya kurudi kwake, alisema kwamba heri kukataa sasa kuliko kurudi na watoto mgongoni. Baada ya mwezi baba alikubali, bila kufurahi. Kwa muda mrefu alimsemesha dada kwa mambo ya lazima tu.

Mimi nilikasirika kuliko baba. Niliona dada amemtupa mtu ambaye mimi ningemshika kwa mikono miwili, na nilimwambia hivyo. "Basi mchukue," alinijibu, bila ubaya. Sikumchukua, hakunitaka.

Kabla miaka ile ya hamsini haijaisha nilihamishiwa shule moja ya Mbeya, nikakutana naye nje ya kanisa. Alikuwa na mke mcheshi na mtoto anayetambaa. Alinikaribisha kwake, nikaenda. Mkewe alipotoka kuchota maji alisema, "Dada yako alikuwa na haki ya kukataa. Lakini ile ilikuwa picha tu, shemeji. Waliouawa mle waliamka wote wakaenda kula." Aliniita shemeji kwa mazoea. Nilimwambia huenda ni kweli.

Wakati huo dada alikuwa Rujewa, mkunga katika zahanati karibu na kwa shangazi, na alikuwa ameolewa na mkulima wa mpunga, mjane mwenye watoto wakubwa. Ndoa yao ilikuwa na ugomvi wake kama ndoa nyingine. Mume alikuwa mbishi na mgumu wa kuoga. Nilipomtembelea nilimwambia nimemwona yule bwana wa Mbeya. Aliuliza kama ana afya. Nikasema anayo, ameanza kunenepa. Akasema vizuri, akaendelea kupepeta mchele.