Bibi Aliyekataa Shikamoo Yetu

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, kitenge changu kimelowa umande hadi magotini, na mume wangu alikuwa ubavuni kwangu. Yeye ukimuuliza leo atakwambia tulikutana na kichaa. Nimeishi naye tangu ujana wetu na sijawahi kumwita mwongo, lakini kwa hili nakuomba uniamini mimi. Nitaeleza polepole. Nilifundisha watu wazima kusoma kwa miaka mingi, na najua kwamba jambo likielezwa haraka linapotea.

Sisi ni wakulima wa Daudi, huku juu Mbulu, kwenye baridi. Ilikuwa ile miaka ambayo mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya, na wengi bado wakiulizwa walisema wanatoka Arusha. Vijana walikuwa wanakimbilia machimbo ya Mererani, maana siku hizo kila mwenye mikono aliruhusiwa kujaribu bahati yake, na maharage hayakumpa kijana cha kuolea. Mtoto wetu wa mwisho, Boni, naye akaenda. Mwanzoni alituletea salamu na sukari kupitia kwa makondakta wa basi. Halafu salamu zikakatika. Tukamuuliza mmoja aliyetoka huko, akasema Boni amehamia shimo lingine. Mwingine akasema amevuka kwenda Kenya. Ukimya ukaendelea mpaka majirani wakaacha kutuuliza habari zake, na hilo, mwenye mtoto atanielewa, ndilo linalouma kuliko maswali.

Basi Baba Boni akaweka nadhiri. Ng'ambo ya Katesh, chini ya Mlima Hanang, kuna kilima chenye msalaba ambako waumini wa parokia yetu huenda kuhiji. Wengi hupanda gari. Yeye akaahidi kwamba tutakwenda kwa miguu, kutoka mlangoni kwetu, kupitia Mbulu mjini na Dongobesh, mpaka juu pale, sisi wawili na uzee wetu, ili Mungu amrudishe Boni nyumbani.

"Umeahidi na miguu yangu?" nikamuuliza.

"Nimeahidi na ya kwangu. Ya kwako itafuata kama ilivyofuata siku zote."

Tukacheka. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba tulianza vizuri.

Tukaenda mnadani Dongobesh kutafuta viatu. Mama Rehema, anayeuza mitumba pale, alitusalimia kwa heshima, shikamoo wazee, kisha akatutazama tunavyojaribu raba.

"Mzee, timu yenu inacheza na nani?"

"Na Shetani," Baba Boni akajibu.

"Basi chukua hizi zenye njumu. Yule anateleza sana."

Tukachagua raba za kawaida. Na kama wewe na mzee wako mnafikiria safari kama hiyo, nikueleze tulivyofanya, maana tulifanya sawasawa. Mzee haanzi kwa kutembea mbali. Anaanza kwa kwenda mpaka kwa jirani na kurudi bila kukaribia kiti, maana kiti ndicho kinachommaliza. Wiki inayofuata anaongeza mpaka kanisani. Soksi avae nje ndani ili mshono usimchubue, na kisigino akipake samli kabla hakijaanza kuuma. Asitembee mbele ya mwenzake wala nyuma yake. Sisi tulifika mahali tukawa tunaweza kwenda mpaka karibu na Endagikot na kurudi kabla jua halijawa kali, na goti langu likanyamaza kabisa. Nilifurahi. Nilikuwa na mume wangu njiani kila asubuhi, tunazungumza kuliko tulivyozungumza miaka yote ya shamba.

Tulizungumza juu ya Boni atakavyorudi. Atalala chumba gani. Nani atamtafutia mchumba.

Siku hiyo ulikuwa msimu wa ukungu. Kwetu ukungu ukishuka unaweza kumsikia ng'ombe anacheua na usimwone. Tulikuwa kwenye njia nyembamba inayopita kati ya mashamba, nyasi ndefu huku na huku, nyeupe kwa umande. Mbele yetu akatokea bibi. Alikuwa mzee kuliko sisi, mzee sana, na alikuwa amevaa vazi la ngozi. Sasa hilo lisikupite. Ngozi kama zile walivaa bibi zetu. Siku hizi utaziona kwenye ngoma za maonyesho, si njiani asubuhi.

Alipotuona alishuka njiani, akasimama kwenye nyasi, akageuza uso upande wa pili.

Baba Boni akaona haya. Mtu wa umri ule kumpisha yeye? Akashuka haraka upande wake, akavua kofia. "Shikamoo bibi," akasema. Nami nikasema, "Shikamoo bibi."

Hakuitikia.

Je, wewe umewahi kumpa mzee shikamoo akaikataa? Kwetu hata mlevi huitikia. Hata mnayegombania naye mpaka wa shamba atakuitikia marahaba kwanza, kisha ndipo mtukanane. Baba Boni akarudia kwa sauti zaidi, akidhani hasikii. Bibi hakugeuka. Alinyoosha tu kiganja kutuzuia.

"Msinikaribie," alisema, kwa Kiiraqw cha zamani, kile alichozungumza mama yangu mzazi. "Nani amewaruhusu kutoka? Kwenu kuna msiba haujakaliwa."

"Msiba wa nani?" nikauliza.

"Wa kijana. Amelala pabaya na hakuna aliyekaa kwa ajili yake. Rudini nyumbani mkakae."

Baba Boni akanishika mkono, akanivuta. "Tembea," akasema. "Ni mgonjwa wa akili, tusimchokoze." Nikatembea. Lakini niligeuka, nikatazama pale alipokuwa amesimama. Hakuwepo. Nikarudi hatua chache, mume wangu ananiita, nikaziangalia zile nyasi. Zilikuwa zimesimama wima, umande wote uko juu yake, tone kwa tone, kana kwamba hazijaguswa tangu usiku. Upande aliosimama Baba Boni zilikuwa zimelala na kuchafuka matope. Niamini, niliinama na kuzigusa kwa mkono wangu.

Kwa wasio wa huku nieleze. Zamani, kabla hatujabatizwa, nyumba iliyofiwa na kijana ilikaa peke yake. Waliofiwa hawakuchota maji pamoja na wengine, hawakuomba moto kwa jirani, ng'ombe wao walichungwa kando. Aliyekutana nao njiani alishuka kwenye nyasi, akageuza uso, na hakupokea salamu yao. Haikuwa chuki. Ilikuwa namna ya kusema kwamba kifo hiki ni kikubwa na kipewe nafasi yake, mpaka muda utimie ndipo wawarudie watu. Mama yangu alikaa hivyo kwa ajili ya kaka yangu, nikiwa mdogo, na nakumbuka watu walivyokuwa wanashuka njiani tukipita. Baba Boni alilelewa misheni. Yeye aliona bibi mwenye heshima aliyepisha wapita njia, halafu akaona kichaa. Mimi niliona majirani wa mama yangu.

Nilimweleza jioni, tukiwa jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mtoto amekufa," akasema.

"Sijasema mimi. Amesema yule."

"Umeangalia majani ukamzika mwanangu."

"Na wangu, Baba Boni."

"Wa kwako ungemtetea. Mimi nimemwahidi Mungu kwamba namwomba aliye hai. Nikikaa ndani kama mfiwa, nimwambie nini Mungu? Kwamba nimebadilisha mawazo?"

Nikamwomba tukae wote, hata kidogo, kisha tutembee. Akasema huwezi kumkalia mtu matanga kisha ukamwombea arudi. Na ukifikiri, alikuwa na haki. Mimi nami nilisema siwezi kumwomba Mungu amrudishe mtoto ambaye nimeambiwa amelala pabaya. Hakuna aliyepandisha sauti. Labda tungepandisha ingekuwa nafuu.

Siku ya safari aliondoka peke yake. Nilimfungia unga wa uji na blanketi, nikampaka samli visigino, akakubali mguu wake ushikwe lakini hakuniangalia. Aliposhika njia, nilifunga mlango na nikanyoa nywele. Nikakaa. Jirani alipokuja kuomba chumvi nilimwomba asimame mbali, nikamweleza, na mama yule, mlokole kabisa, alinielewa mara moja. Alishuka njiani akageuza uso. Nililia, lakini kilikuwa kilio chenye mahali pa kwenda.

Mume wangu alifika kilimani kwa miguu yake. Alirudi amekonda, midomo imepasuka, macho yanang'aa. Aliniambia akiwa bado mlangoni kwamba pale juu, akiwa amepiga magoti, alipata uhakika kabisa kwamba Boni yuko njiani. Kisha akaona kichwa changu.

"Umenyoa," akasema.



Mvua za masika hazijaisha, akaja kijana mmoja wa Babati aliyefanya kazi na Boni. Alikuwa na begi la nguo. Alikaa kwenye benchi letu, akala kidogo, akatuambia kwamba shimo liliwafunika wenzake wawili na Boni akiwa wa tatu, na kwamba hawakuweza kuwatoa. Alikuwa ameogopa kuja. Nilimuuliza ilikuwa lini. Akataja, na nikajua kwamba tulipokuwa tunacheka na Mama Rehema pale mnadani, mwanangu alikuwa tayari chini ya mawe.

Utadhani hapo mume wangu alinigeukia, tukalia pamoja. Nami nilidhani. Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, akarudi, akasimama mbele yangu.

"Alikuwa anakuja," akaniambia. "Nilipewa kule juu. Wewe ukamfungia mlango."

Nikamweleza habari ya tarehe. Nikaeleza taratibu, kama nilivyokuwa nikieleza ubaoni, nikarudia. Alisikiliza kwa adabu. Akasema Mungu hashindwi na tarehe, na kwamba angemtoa Boni hata shimoni, kama ndani ya nyumba yetu asingekuwepo mtu aliyekwisha kumzika.

Miaka imepita. Kila mwaka anakwenda kilimani kwa miguu, peke yake, na bado anaomba arudishiwe mtoto. Si kwamba hajui. Ameniachia mimi kujua, basi. Anapika uji wake mwenyewe kwenye jiko lake la mkaa, upande wa pili wa nyumba. Watoto wetu wakubwa wakija tunakaa meza moja, ananiita Mama Boni mbele yao, wakiondoka ananyamaza. Na yule bibi nimemtafuta. Nimepita ile njia kila msimu wa ukungu nikitaka kumuuliza kama kukaa kwangu peke yangu kulitosha, au mtoto bado anadai nusu ya matanga, ile ya baba yake. Sijamwona tena.

Sikukatazi hija. Nenda, tena nenda na mwenzako, mkiwa wazee ndiyo vizuri zaidi, miguu inazoea kuliko unavyofikiri. Lakini kabla hamjaanza kuchagua viatu, kaeni chini muulizane waziwazi kama wote wawili mnaamini yule mnayekwenda kumwombea yu hai. Swali hilo ni gumu na linaweza kuwaliza. Liulizeni hivyo hivyo. Sisi hatukuulizana, akaja mwingine kutujibu.