Usimfunze Mtoto Kufuata Kikwembe

Siku niliyoshika kikwembe cha mama asiye wangu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na jana ilinirudia yote ulipokuja kunionyesha nguo ulizowashonea watoto kwa safari ya Kampala. Nguo ni nzuri. Baraka alizunguka nayo sebuleni kama waziri, na mdogo wake alikataa kuivua hata kwa kula. Ila uliposema, "Maman, na miye nitavaa ya vile vile, hawatapotea, watafwata rangi," niliogopa. Sikutaka kukukosoa mbele ya wageni. Leo tuko wawili. Keti, chai ipo, nikusimulie.

Nilikuwa na umri wa Baraka. Mama yangu mdogo aliolewa Bujumbura, na unawajua watu wetu wa Nyalukemba, mtaa wetu hapa Bukavu: arusi ambayo wanawake hawakuvaa kikwembe kimoja, kitenge cha sare, kwao si arusi. Wakwe wa kule walitutumia kitambaa cha kijani chenye ndege wa njano. Bukavu hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Tulipopita nacho kwenda misa watu waligeuka, na mama alitembea polepole makusudi ili wamalize kuangalia. Huyo ndiye bibi yako, mmemrithi wote.

Tulipovuka mto Ruzizi mpakani, wosia wake ulikuwa mmoja tu. "Furaha, shika kikwembe yangu. Usiponiona, tafuta hii kikwembe." Nami nilishika. Mtoto wa urefu ule, mwanangu, haoni uso wa mama yake katikati ya watu. Anaona viuno, vikapu na nguo.

Arusi ilipita vizuri, tukala, tukacheza. Kesho yake wanawake wakaenda sokoni kununua sufuria, wakiwa bado na vikwembe vyao vya arusi, maana hakuna aliyetaka kuvua. Mama akaanza kubishana bei, na unajua sisi Bashi tukishika bei hatuachi haraka. Alihitaji mikono miwili kuigonga sufuria na kuigeuza. Mimi nikaachia kidogo, nikaangalia ndagala, wale samaki wadogo, walivyong'aa kwenye beseni. Nilipogeuka, kijani na ndege wake kilikuwa kinaondoka. Nikakimbia, nikashika, nikatulia.

Nilitembea nacho mbali, tena kwa furaha. Kisha kikwembe kikasimama, mkono ukashuka kunigusa kichwa, na sauti nisiyoijua ikauliza, "Na huyu ni wa nani?"

Kitambaa kile kilitoka soko lile lile, mwanangu. Bukavu kilikuwa chetu peke yetu. Pale kilikuwa cha kila mtu. Nikatazama huku na kule, ndege wa njano wanapita kila upande, na hakuna aliyekuwa mama. Nikapiga kelele, "Maman!" Wanawake wengi wakageuka, kila mmoja akidhani ni wake. Wangu hakuwepo. Mpaka leo, mtoto akiita hivyo sokoni Kadutu, mimi ndiye wa kwanza kugeuka.

Yule mama alikuwa mzee kidogo, Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi, mtandio kichwani na kapu la mboga mkononi. Akachuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na yangu.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Maman."

"Jina lake, mwanangu. Watu wanamwita nani?"

"Mama Bahati."

"Na baba?"

"Papa Bahati."

Bahati ni kaka yangu mkubwa. Nyumbani jibu hilo lingetosha. Nyalukemba ukisema wa Mama Bahati, hata muuza makaa angekuleta mlangoni, akanywa na chai. Kule ilikuwa sawa na kutosema kitu.

Hapo akatokea bwana mmoja, suruali imepigwa pasi, akasema kwa upole, "Nipe huyu mtoto. Wakongomani najua wanakolala, nitamfikisha." Huenda alikuwa mtu mwema. Sijui, na namshukuru Mungu kwamba sikupata kujua. Yule mama aliniweka nyuma yake. "Asante, kaka. Mtoto haendi popote. Mama yake atarudi alipomwacha."

Akaniuliza mama nilimwona wapi mara ya mwisho. Nikasema, kwenye sufuria na samaki. Akanirudisha hadi pale, akaniketisha juu ya sufuria kubwa iliyopinduliwa, akasimama kando yangu, mboga zake zikinyauka kwa jua.

Mama alikuwa ameshakimbia hadi kwenye magari. Aliwauliza dada zake wote, na kila mmoja alimjibu, "Tulijua iko na weye." Mimi nililia mpaka machozi yakaisha, yakaanza mengine. Ndipo nikamwona anakuja, kilemba kimeanguka, kiatu kimoja mkononi. Aliponiona alikaa chini kwenye tope, mwanamke yule yule aliyetembea polepole ili watu wamwangalie.

Yule mama wa Buyenzi hakunikabidhi mara moja. Alishika bega langu, akamuuliza, "Dada, unaitwa nani?"

"Ni miye Mama Bahati!"

"Jina lako, dada. Ulilopewa na wazazi wako."

"Nabintu. Nabintu M'Birindwa."

Nilimtazama mama kwa mshangao. Ndiyo siku niliyojua kwamba mama yangu ana jina.

Akaniachia, nikamrukia mama. Kisha akamwambia, bila kukunja uso, "Umemfunza mtoto kufuata nguo. Nguo ni ya soko. Mfunze jina lako, na mfunze kusimama." Mama alisema aksanti mpaka sauti ikakauka. Ndani ya gari, hadi tunafika Ruzizi, aliniuliza tena na tena, "Mama yako ni nani?" Alipochoka kuuliza, nikawa najiuliza mwenyewe na kujijibu.

Basi wavalishe nguo zako, zimependeza, na picha nitazitaka. Lakini usiziamini. Wafunze kwamba wasipokuona wasimame palepale. Kutafuta ni kazi yako, si yao. Wakiita, waite jina lako. Anayesema atawapeleka, hata akitabasamu vipi, wasimfuate. Wamwombe mama muuzaji aliyeketi na bidhaa zake abaki nao. Nawe ukimkosa mmoja, rudi kwanza ulipomshika mara ya mwisho. Namba yako ya simu ya Kongo inaweza kunyamaza ukivuka mpaka, kwa hiyo nunua ya kule, uwaandikie mkononi kwa biki. Na kila mtoto awe na mtu wake wa kumchunga, anayejua kwamba ni yeye. Hapa kwetu sote tunawachunga, na ndio uzuri wa hapa. Kule kila mmoja atadhani mtoto yuko na mwingine, kama dada zake mama.

Jana, ulipokuwa jikoni, nilimuuliza Baraka mama yake anaitwa nani. Akasema, "Maman." Nikamwambia, jina lake, mpenzi wangu. Akafikiri sana, akasema, "Mama Baraka."

Mwite basi, chai itangoja, umwambie unaitwa nani. Na Mungu aliyenirudisha mimi hadi kwenye zile sufuria awarudishe nyote hapa Nyalukemba, mkihesabiwa mtimie.